Kasha, Kitanda na Kiti: Vyombo vya Zamani vya Pwani Yetu

Mliokuwa karibu na redio mmekwisha kusikia somo hili. Sasa mnalo kwa maandishi, mlisome polepole, na palipo na neno gumu msione haya kumwuliza mwalimu wenu. Leo twazungumza juu ya vyombo vya nyumbani vya zamani: vilitoka wapi, vilifanya kazi gani, na kipi chafaa kuwekwa katika nyumba yako.

Tuseme wewe u mkulima wa korosho hapa Mpapura. Malipo yameingia. Asubuhi moja mchuuzi anapiga hodi, anakaribishwa, anapewa maji. Macho yake yanazunguka hata yanatua juu ya kasha la marehemu bibi yako pale pembeni. Anasema, "Mzee wangu, kikorokoro hiki kimechakaa. Nipe, nami nitakupa fedha ukanunue makochi mapya mjini." Utamjibu nini?

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, na msala ni mkeka wa kusalia. Lakini methali hii haisemi kwamba kila kikuukuu ni chema. Mbacha mwingine umeoza kweli. Kwa hiyo hatuna budi kujua historia ya kitu kabla ya kukishika au kukiacha.

Tuanze na kasha. Makasha mengi mazuri ya pwani hayakutengenezwa huku. Katika karne ya 19 yaliletwa kutoka Bara Hindi, hasa Surat na Bombay, mji ambao siku hizi waitwa Mumbai. Majahazi yalikuja kwa upepo wa kaskazi, tangu Desemba hata Machi, yakarudi kwa kusi. Mizigo ilishushwa Unguja, na kutoka huko vyombo vidogo vikaichukua hata Kilwa, Lindi na Mikindani. Kasha lenyewe lilikuwa la msaji, mti ambao mchwa hauupendi, nalo lilipambwa kwa njumu, yaani misumari ya shaba iliyopangwa kwa nakshi. Chini mara nyingi lilikuwa na watoto wawili au watatu wa kuvuta, na ndani kisanduku kidogo cha siri. Kwa mfanyabiashara wa zamani kasha lilikuwa benki yake, kabati lake na mzigo wake wa safari. Ndiyo maana lina mikono ya chuma au shaba ubavuni: lilitengenezwa kwa kubebwa.

Na fedha za kulinunua zilitoka wapi? Hapa msomaji wa Mpapura asome kwa makini, maana habari hii ni ya jirani yetu Mikindani. Bandari ile ilikuwa mwisho wa njia za misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa. Zilipita pale pembe za ndovu, nta, mpira, na watu waliofungwa. Dr. Livingstone alipoanza safari yake ya mwisho kwenda bara mwaka 1866, aliingilia upande huu wa Mikindani na mto Ruvuma, na katika safari ile aliandika habari za biashara ya watumwa aliyoiona njiani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa amri ya Sultani Barghash, alipobanwa na Waingereza, ingawa magendo yaliendelea baadaye. Wajerumani wakaja wakajenga boma Mikindani mwaka 1895. Basi kasha zuri la shaba laweza kuwa lilinunuliwa kwa jasho la mtu ambaye hakuwahi kulifungua. Sisemi ulichome moto. Nasema ukiliweka nyumbani, waeleze watoto habari yake yote.

Kitanda nacho kilikuwa cha namna mbili. Matajiri walilalia samadari, kitanda cha nguzo kilichotoka Bara Hindi. Bibi Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, alitoa kitabu cha maisha yake huko Ujerumani mwaka 1886. Anaeleza kwamba vitanda vya nyumba yao vilikuwa virefu hata mtu akahitaji kiti, au kiganja cha mjakazi, ili apande; na kwamba chini yake palikuwa na nafasi ya mtu mwingine kulala, kama yaya au mwenye kumwangalia mgonjwa. Fikiri: kitanda kimoja, bwana juu, mtumishi chini!

Watu wengine walilalia kitanda cha kamba, na mimi sifichi kwamba hiki ndicho nikipendacho. Kina matendegu manne, ndiyo miguu. Mifumbati miwili ya ubavuni. Na vitakizo viwili, cha kichwani na cha miguuni. Kisha huwambwa kwa kamba za makumbi ya nazi au za ukindu. Hewa hupita chini, na katika joto la Februari utashukuru. Jioni mtu mmoja hukitoa uani. Kamba ikilegea huvutwa, ikikatika huwambwa upya na fundi wa hapa hapa. Kasoro yake ni kunguni, ambao hupenda kujificha penye mafundo. Basi anika kitanda juani na umwagie maji ya moto.

Mwisho kiti. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, Wareno waliandika kwamba mfalme aliwapokea akiwa amekaa juu ya viti vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli wa hariri nyekundu. Baadaye mafundi wa Lamu na visiwa jirani walitengeneza kiti cha enzi: mpingo mweusi, njumu za pembe, kamba nyembamba zilizosukwa mgongoni na kitakoni, na mahali pa kuwekea miguu. Mgeni wa heshima ndiye aliyekikalia. Mgongo wake umesimama wima kama askari wa gwaride. Kwa mtu aliyerudi kupalilia mikorosho, kiti hicho ni adhabu.

Sasa twaweza kuchagua. Jiulize chombo kilifanya kazi gani, kisha jiulize kama kazi hiyo ipo kwako. Mtu anayetunza hati, vitenge vya harusi na daftari za hesabu, kasha lamfaa. Mwenye wageni wengi na uwanja wenye kivuli anahitaji vitanda vya kamba na vigoda kuliko makochi. Mtu anayehamahama asinunue samadari. Tena pima mlango kwa uzi kabla ya kulipa. Vitu vile vilitengenezwa kwa nyumba za mawe zenye dari ndefu, na nimeona mtu akibomoa ukuta wake kwa ajili ya kabati.

Ukiuziwa chombo kwa jina la ukale, kipindue. Mbele kila mtu hupamba, lakini ukale huonekana chini na nyuma. Mahali pashikwapo na mikono pawe pamelika kuliko pengine. Ukiona uchakavu ulio sawasawa kila upande, huo ni uchakavu wa msasa. Unga mpya wa mbao sakafuni waonyesha kwamba wadudu wangali wanakula. Na ukiambiwa ni mpingo, futa upande wa chini kwa kitambaa chenye maji: weusi ukitoka, ni kiwi cha viatu. Mpingo wa kweli ni mzito hata kipande chake huzama majini.

Milango iko chini ya sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango ya mbao na miimo yake iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Haipelekwi nje ya nchi bila kibali cha serikali. Mchuuzi akiutaka mlango wa nakshi wa babu yako, mwulize kibali.

Haya, turudi kwa yule anayengoja jibu. Mpe maji mengine, kisha nenda ukalifungue kasha. Tazama kama shaba zote zipo, kama kufuli lafanya kazi, kama mbao haijaliwa. Waite nduguzo, maana kasha la marehemu si lako peke yako. Mwambie arudi wiki ijayo. Na akipandisha bei kabla hajafika barabarani, utajua alichokiona.

Kabla ya somo lijalo, chukua daftari uandike jina la chombo kimoja kikongwe kilichomo nyumbani mwako, nani alikileta, na kwa njia gani. Usipojua, mwulize mkubwa wa nyumba leo jioni, uandike kama atakavyosema.