Kazi Kando ya Ziwa Naivasha

Msafiri ashukaye kutoka Nairobi kuelekea Nakuru huliona Ziwa Naivasha likimeta chini bondeni kabla hajaufikia mji. Maji yake ni matamu, tofauti na maji ya magadi ya Ziwa Elmenteita na Ziwa Nakuru yaliyo mbele yake. Kwa ajili ya maji hayo, na ndege na viboko na hewa ya baridi, watu wamejenga hoteli nyingi za mapumziko ukingoni mwake. Siku hizi huonekana huko hata watu wasiokuja kupumzika. Huketi chini ya migunga, kompyuta mbele yao, wakafanya kazi ambayo ofisi yake iko Nairobi au ng'ambo ya bahari. Msomaji aweza kudhani ya kuwa desturi hii ni ya jana tu. Lakini mojawapo ya kazi kubwa kabisa zilizopata kufanywa katika bonde hili ilifanywa katika hoteli ya mapumziko miaka zaidi ya ishirini iliyopita, na walioifanya walikuwa wameacha ofisi zao Khartoum na kambi zao za vita kusini mwa Sudan.

Vita vya Sudan vilivyoanza mwaka 1983 vilikuwa kati ya serikali ya Khartoum na jeshi la SPLA lililoongozwa na John Garang. Yakadiriwa ya kuwa watu milioni mbili walikufa kwa silaha, njaa na maradhi, na wengine milioni nne wakahama makwao. Maelfu yao walikimbilia Kenya. Kwa hiyo nchi jirani, katika umoja wao uitwao IGAD, zilijitwika kazi ya kuwapatanisha, na Kenya ikamweka Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo kuwa mpatanishi mkuu. Tarehe 20 Julai 2002, huko Machakos, pande mbili zilikubaliana ya kuwa watu wa Kusini, baada ya muda wa mpito, wataulizwa kwa kura kama wapenda kubaki ndani ya Sudan au kujitenga.

Hilo lilikuwa neno kubwa, lakini mengi yalisalia: majeshi, mafuta, na vyeo vya serikali. Mwezi wa Julai 2003 wajumbe walikutana Nakuru. Wapatanishi waliweka mezani rasimu yenye kujaribu kumaliza mambo yote kwa mara moja. Serikali ya Khartoum iliikataa kwa hasira, na mazungumzo yakawa karibu kuvunjika.

Mwezi wa Septemba mwaka ule ule mambo yaligeuka. Ali Osman Taha, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan, alikuja Naivasha, na John Garang akaja kumkabili. Walikaa katika hoteli iitwayo Simba Lodge, kando ya ziwa. Kutoka Nakuru hadi Naivasha si mbali. Mtu huenda na kurudi kwa siku moja. Mabonde ni yale yale na utulivu ni ule ule. Tofauti ilikuwa katika watu walioketi. Wale wa Nakuru walikuwa wajumbe waliohitaji kungoja amri kutoka kwao, lakini hawa wawili ndio waliokuwa na uwezo wa kutoa amri hizo. Mara nyingi walizungumza peke yao, hata wapatanishi wenyewe wasiwemo chumbani.

Hata hivyo mahali nako kulikuwa na faida yake. Katika mji mkuu mkubwa wa kisiasa huzungukwa na wageni, waandishi wa magazeti na marafiki wenye mashauri yao. Katika hoteli ya kando ya ziwa, adui hukutana na adui wakati wa chakula na wakati wa kutembea jioni, na mtu aliyekasirika asubuhi hana pa kukimbilia ila chumbani mwake.

Kazi ilikwenda polepole. Tarehe 25 Septemba 2003 walitia sahihi mapatano ya majeshi. Tarehe 7 Januari 2004 walipatana juu ya mali, ikiwa ni pamoja na kugawana mapato ya mafuta ya Kusini. Tarehe 26 Mei 2004 walipatana juu ya madaraka na juu ya sehemu zilizogombaniwa. Mambo ya mwisho yalitiwa sahihi Naivasha tarehe 31 Desemba 2004, na Mkataba mzima ukatiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Mwaka 2011 watu wa Kusini walipiga kura, na zaidi ya 98 katika kila 100 wakachagua kujitenga. Sudan Kusini ikawa dola tarehe 9 Julai mwaka huo.

Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza pia ni nani hakuwapo hotelini. Mwaka 2003, wakati watu wawili wakizungumza Naivasha, vita vingine viliwaka Darfur, na watu wa Darfur hawakuwa na kiti katika mazungumzo yale. Wala makundi mengine ya Kusini hayakuwa na sauti kubwa. Mnamo Desemba 2013 wakuu wa Sudan Kusini wenyewe walipigana, na mwaka 2023 vita vikalipuka Khartoum. Wazee walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Twaweza kuongeza ya kuwa hata tembo wapatanapo, nyasi zisizoulizwa zaweza kukanyagwa.

Kenya nayo ilifanya kazi yake Naivasha. Mwezi wa Januari 2010, kamati ya wabunge iliondoka Nairobi ikaketi huko kuijadili rasimu ya katiba, na hapo wakakubaliana nchi iongozwe na Rais bila kugawana mamlaka na Waziri Mkuu. Lakini rasimu haikuishia hotelini. Ilirudi kwa wataalamu, ikafika Bungeni, kisha tarehe 4 Agosti 2010 raia wote wakaulizwa kwa kura, nao wakaikubali.

Basi tusiwacheke wanaokwenda kufanya kazi mahali pa starehe, kwa maana utulivu wa ziwa wapata kumaliza mambo yaliyoshindikana mjini. Ila kazi iwahusuyo wengi, hata ikifanywa mbali na macho yao, sharti irudishwe kwao ili waikubali au waikatae.