Mfalme Ndani ya Neno: Asili na Maana za "Check"

Mwanafunzi wa tafsiri hulikuta neno la Kiingereza "check" katika kamusi likiwa na maana zilizopangwa kama wageni wasiojuana: kuzuia, kukagua, hundi, kitambaa cha miraba. Naye, aghalabu, hushika iliyo karibu. Nionavyo, maana hizo ni za ukoo mmoja.

Babu yao ni "shah", neno la Kiajemi lenye maana ya mfalme. Wachezaji wa sataranji walilitamka kumwonya mpinzani kwamba mfalme wake yu hatarini. Kupitia Kiarabu lilifika Ulaya. Wafaransa wa kale wakasema "eschec", na katika karne ya 14 Waingereza walikuwa wakilitumia. Mfalme aliyetishwa hana budi kusita. Ndipo likazuka wazo la kuzuia, kisha kudhibiti, na hatimaye kuhakikisha.

Tawi la fedha ndilo lenye utamu zaidi. Richard FitzNeal, mweka hazina wa mfalme wa Uingereza, aliandika kwa Kilatini katika miaka ya 1170 kuhusu meza ya mahesabu, yenye urefu wa futi 10 na upana wa futi 5, iliyotandikwa kitambaa cha mistari mfano wa ubao wa sataranji. Kwa ajili hiyo hazina ikaitwa "Exchequer". Katika karne ya 18 "check" kilikuwa kishina cha hati ya malipo, kilichowekwa ili kuzuia ughushi. Baadaye jina likahamia hati yenyewe. Tahajia "cheque" ilivutwa na "Exchequer". Wamarekani walibaki na "check".

Kiswahili, kwa upande wake, kimempokea babu huyu kwa milango miwili. "Shaha" ni mfalme wa sataranji, na pia bingwa wa washairi. "Cheki" ni hundi, na kwa vijana wa Nairobi ni kutazama. (Na jina "sataranji" lenyewe limehifadhi "chaturanga" ya Kihindi, ambayo Kiingereza hakikuirithi.)

Haya si mapambo ya wanaisimu. Katika maandishi ya katiba, Kiingereza husema kwamba bunge ni "check" juu ya serikali. Mfasiri akiandika kwamba bunge "hukagua" serikali, na kuishia hapo, amelipokonya bunge uwezo wa kuzuia.