Mahekalu ya Mlima Abu na Sanamu Zake

Wengi wetu tumekwisha kununua kitambaa au chumvi katika duka la Mhindi. Lakini je, twajua Wahindi wanasali namna gani? Dini yao si moja. Wako Wahindu, Waislamu, Masingasinga na Wakristo. Tena wako Wajaini. Hawa ni wachache, lakini mahekalu yao yasifiwa mbali.

Twende basi hata mji wa Mount Abu, katika jimbo la Rajasthan, magharibi mwa Uhindi. Mji huu uko mlimani, mita 1,200 hivi juu ya bahari. Karibu nao, mahali paitwapo Dilwara, yako mahekalu matano ya Wajaini.

La kwanza lilijengwa mwaka 1031 na Vimal Shah, waziri wa mfalme Bhima wa Gujarat. Vimal alikuwa pia mkuu wa vita. Mapokeo yasema kwamba uzeeni moyo wake ulimsumbua kwa ajili ya damu aliyoimwaga, maana dini ya Wajaini yakataza kuua kiumbe cho chote, hata mdudu. Mtawa mmoja akamshauri ajenge hekalu. Yasimuliwa tena kwamba aliununua uwanja kwa kuufunika wote kwa fedha.

Mwaka 1230 ndugu wawili, Vastupala na Tejapala, mawaziri nao, wakajenga hekalu la pili, kwa kumkumbuka ndugu yao Luna aliyefariki.

Ukiyatazama kwa nje, huoni kitu: kuta tupu tu. Ingia ndani, utashangaa. Nguzo, milango na dari, vyote ni marumaru nyeupe iliyochongwa maua, tembo na wachezaji ngoma. Mahali pengine jiwe limechongwa jembamba hata mwanga wapenya. Watu husema mafundi walilipwa kwa uzito wa unga wa jiwe walioukwangua. Ndiyo sababu hawakuchoka kukwangua.

Na sanamu je? Katika hekalu la Vimal yuko Adinatha. Katika lile la ndugu wawili yuko Neminatha, wa jiwe jeusi. Katika hekalu jingine, la karne ya 15, iko sanamu ya Adinatha iliyosubiwa kwa madini matano, hasa shaba ya manjano, yenye uzito wa tani 4 hivi. Zote zaketi namna moja: miguu imekunjwa, mikono imetulia mapajani. Ili kuzipambanua, tazama alama: Adinatha ana ng'ombe dume, Neminatha kombe la baharini, Parshvanatha nyoka, Mahavira simba.

Hao si miungu walioumba dunia. Wajaini wasema ni watu 24 walioshinda hasira, tamaa na kiburi, wakawaonyesha wengine njia. Wawaita Tirthankara, yaani watengenezaji wa kivuko. Sisi tukaao karibu na mito mikubwa twaelewa upesi: bila kivuko, ng'ambo waiona kwa macho tu. Mjaini haombi sanamu impe mvua wala mali. Aitazama ili akumbuke mwendo wa yule aliyevuka, naye amfuate.

Mwaka 1311 askari wa Sultani Alauddin Khalji wa Delhi waliyaharibu mahekalu hayo mawili. Miaka kumi hivi baadaye Wajaini wenyewe, watu wa kawaida wasio wafalme, wakatoa mali yao, wakayatengeneza, wakaweka sanamu mpya mahali pa zile zilizoharibiwa. Sanamu ilivunjika, lakini kile walichokikumbuka kwa sanamu hakikuvunjika. Hata leo watu hupanda mlima kwenda kusali huko; wageni nao huingia, lakini kwanza huvua viatu na kuacha nje kila kitu cha ngozi.

Wajaini wengine walivuka bahari kuja kufanya biashara Afrika ya Mashariki. Huko Mombasa walijenga hekalu la marumaru, lililofunguliwa mwaka 1963.

Sisi Wakristo hatufuati dini yao. Lakini sisi nasi twazo sanamu kanisani, nasi twajua kwamba heshima haikomi kwenye jiwe. Basi, ukimwona jirani mbele ya sanamu yake, usimcheke. Mwulize kwanza anamkumbuka nani.