Sifuri Mbili za Lugha ya C

Mwaka 1978, Brian Kernighan na Dennis Ritchie wa maabara za Bell, Marekani, walichapisha kitabu kuhusu C, lugha ya kompyuta ambayo Ritchie aliiunda miaka michache kabla. Waandishi wa programu hukisifia mpaka leo kwa maelezo yake mafupi yasiyo na mapambo. Ndani yake kuna mfano mdogo uitwao atoi. Kazi yake ni kuchukua namba iliyoandikwa kama maneno yanavyoandikwa, na kuigeuza iwe namba ya kufanyia hesabu.

Kwani kuna tofauti? Ipo, tena kubwa. Ukibonyeza 7 kwenye kibodi, kompyuta haipati saba. Inapata alama tu, sawa na A au B. Katika ASCII, utaratibu wa kuhifadhi herufi ulioanza mwaka 1963, alama hiyo ina namba 55. Bahati nzuri tarakimu zilipangwa foleni: 0 ni 48, 1 ni 49, mpaka 9 ambayo ni 57. Basi, toa 48 kwenye 55 unabaki na saba yenyewe.

Zikiwa tarakimu nyingi, atoi inakwenda moja moja kutoka kushoto. Tuseme imepewa "1978". Inashika 1. Inazidisha kwa kumi na kujumlisha 9, inapata 19. Inazidisha tena na kujumlisha 7, 197. Mara ya mwisho inajumlisha 8, na mwaka umekamilika.

Tatizo linaanza pale maandishi yasipokuwa namba. Ikikuta kitu kisicho tarakimu, atoi inasimama na kurudisha ilichokwisha kusoma. "12 machungwa" inatoa 12. Sawa, tuvumilie. Lakini "machungwa 12" inatoa 0. Mtu akiandika "laki mbili", 0. Na aliyeandika "0" kwa makusudi? Naye 0.

Neno sifuri tumelipata kwa Kiarabu, sifr, yaani kitu kitupu. Sifuri ya atoi ina utupu wa aina mbili: "hana kitu" na "sikuelewa". Anayepokea jibu hawezi kuzitofautisha. Laki mbili ya mtu inaweza kupotea hapo, na kompyuta isilalamike hata kidogo.

Kwa haki, mfano wa kitabuni ulikuwa wa kufundishia. Lakini atoi ilikuwa pia chombo cha kazi, na watu waliitumia hivyo hivyo. Sanifu ya C ya mwaka 1989 iliiacha ibaki, maana kulikuwa na programu nyingi zilizokwisha kuandikwa. Kando yake iliweka strtol, ambayo hurudisha namba na pia huonyesha mahali iliposimama kusoma. Ukiipa "laki mbili" itatoa 0 vilevile, ila itaonyesha kwamba haikusogea hata herufi moja. Ukiipa "0", itaonyesha imepita.

Aliyewahi kumfundisha mtoto kusoma anazijua tabia hizi mbili. Yuko anayekwama, akanyamaza, ukadhani amemaliza. Na yuko anayeweka kidole kwenye neno na kusema: nimefika hapa, mwalimu. Huyu wa pili unaweza kumsaidia.