Sindano Nayo Huandika Historia

Sisi watu wa redio na magazeti tuna tabia ya kudhani kwamba historia huhifadhiwa na wenye kalamu na vinasa sauti. Lakini karatasi huungua, na kanda hufutwa ili itumike tena. Juma hili naomba tuwatazame akina mama wa vijijini Palestina, ambao wengi wao zamani hawakujua kusoma, lakini waliandika kwa sindano.

Kazi yao kwa Kiarabu huitwa tatreez, neno la ukoo mmoja na kutarizi kwetu. Binti alifundishwa na mama au bibi yake. Hakuchorewa kitu, alihesabu nyuzi za kitambaa, akatia mishono inayopishana kama alama ya kuzidisha, mpaka kifua cha gauni kikajaa. Akikosea hesabu, pambo lote linakwenda upande.

Gauni hilo lilisema. Aliyekutana na mwanamke sokoni aliweza kutambua ametoka sehemu gani. Ramallah walipenda hariri nyekundu juu ya kitani cheupe. Bethlehem walilaza nyuzi za dhahabu na fedha. Kwa Wabedui wa kusini, nyekundu ilikuwa rangi ya mke na buluu ya mjane. Wala isidhaniwe kwamba mambo yaliganda. Katika miaka ya 1930 zilienea nyuzi za pamba kutoka Ufaransa pamoja na michoro ya maua ya Ulaya, na akina mama wakachagua walichokipenda.

Ukaja mwaka 1948. Katika vita vilivyoambatana na kuundwa kwa Israeli, Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au walifukuzwa, na vijiji zaidi ya 400 vikabaki bila wenyewe. Kambini, wanawake wa vijiji mbalimbali wakawa majirani, na mapambo yao yakachanganyika. Wengine walitarizi ili wauze, watoto wapate chakula. Hata hivyo, binti aliyezaliwa kambini na kufundishwa pambo la kijiji cha bibi yake alikuwa anafundishwa habari za mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

Baada ya vita vya 1967, Israeli ilipiga marufuku bendera ya Palestina katika maeneo iliyoyakalia, marufuku iliyodumu hadi 1993. Wakati wa Intifada iliyoanza mwaka 1987, wanawake walitarizi rangi za bendera hiyo na ramani ya nchi kwenye magauni yao. Bendera ya mkononi iliweza kunyang'anywa. Nguo iliyo mwilini mwa mama ilikuwa jambo jingine.

Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza sanaa hii katika orodha ya urithi wa binadamu. Ni heshima kubwa, nami naipongeza. Lakini orodha haishiki sindano. Gauni lililofungiwa kwenye kabati la makumbusho hutuonyesha kilichofanywa. Halimfundishi mtu kuhesabu nyuzi. Hilo lahitaji bibi na mjukuu wakae pamoja, siku baada ya siku. Ndiyo maana familia inapotawanywa, hasara yake haiishii kwenye nyumba na mashamba. Hukatika pia somo ambalo halikuandikwa popote, ila kwenye nguo.