Mji wa Arcata na Ghuba Yake

Wanachama na wazee wetu, mara nyingi twazungumza habari za maji ya kunywa, na ni mara chache tuzungumzapo habari za maji yaliyokwisha kutumiwa. Nayo hayapotei. Huteremka mpaka mtoni au baharini, na huko hukutana na wavuvi. Twaona vema mwaka huu kuweka katika kurasa hizi historia ya mji mmoja mdogo uliolishika jambo hili kwa mikono yake wenyewe. Mji huo ni Arcata, katika jimbo la California, Marekani, nao watu wake hawafiki 20,000.

Arcata uko kando ya Ghuba ya Humboldt, mahali pajulikanapo kwa chaza. Hapo zamani maji ya vyoo vya mji yaliingia ghubani vivi hivi. Mwaka 1949 mtambo wa kwanza ukajengwa, wa kutuamisha taka nzito tu. Na mwaka 1957 yakaongezwa mabwawa makubwa yenye eneo la ekari 55, ambamo vijidudu, wakisaidiwa na mwani, huila taka iliyobaki. Kazi hiyo ya vijidudu ndiyo kiini cha mambo yote. Taka ikimwagwa baharini kabla ya kuoza, vijidudu huila huko huko na kuimaliza oksijeni iliyomo majini, na samaki hufa kwa kukosa pumzi. Ikioza kwanza bwawani, ghuba husalimika.

Mwaka 1974 Serikali ya jimbo ilitoa amri kali: maji machafu yasimwagwe tena katika ghuba, hata yakiwa yamesafishwa, isipokuwa ithibitishwe kwamba maji hayo yaiongezea ghuba manufaa. Wakubwa wakashauri miji ya pale ijiunge na kujenga mtambo mmoja mkubwa, na bomba lipite chini ya ghuba, maji yakamwagwe bahari kuu. Gharama yake ilikuwa nzito mno. Wengine wangaliitikia na kulipa, maana amri ni amri. Watu wa Arcata waliisoma hadi mwisho, wakauona mlango ule mdogo ulioachwa wazi.

Katika chuo kikuu cha hapo mjini walikuwapo wajuzi wawili. George Allen, mwalimu wa elimu ya samaki, alikuwa tayari akilea vifaranga vya samoni katika maji ya bahari yaliyochanganywa na maji machafu yaliyosafishwa. Robert Gearheart, mhandisi, alishikilia kwamba kinamasi cha matete chaweza kuitimiza kazi ambayo mabwawa huiacha nusu. Serikali haikuridhika upesi, na mabishano yakaenda miaka. Hatimaye wakaruhusiwa kufanya jaribio, nalo likaendelea tangu 1979 hata 1982. Vipimo vikawapa haki.

Ndipo kikajengwa kinamasi chenyewe, tena mahali pa ajabu: ufuko ulioharibika, penye jaa la zamani na kiwanja cha mbao kilichoachwa. Kazi ilikamilika mwaka 1986. Maji yatokayo mabwawani yalikuwa bado ya kijani kwa wingi wa mwani. Yakipita polepole katikati ya matete, kivuli huunyima mwani jua, nao hufa na kutuama chini, huku vijidudu walioshikamana na mashina wakimalizia taka. Katika mpango ule maji yalitiwa klorini ili kuua viini vya maradhi, kisha klorini yenyewe ikaondolewa kabla hayajafika ghubani, kwa kuwa nayo huua samaki.

Ndege wa kila namna wakahamia hapo, na watu wakaja kutembea penye maji ya vyoo vyao wenyewe, jambo ambalo wengi wetu tungelicheka kulisikia. Mwaka 1987 mji ulipewa tuzo ya Ford Foundation. Sisi twastaajabia zaidi kwamba chaza waliendelea kukuzwa katika ghuba ile ile.

Siku hizi usawa wa bahari wapanda, na kuta za udongo zilizoyazunguka mabwawa zimekuwa shaka mpya kwa halmashauri ya mji.

Njia ya matete imefika pwani yetu pia. Mwaka 2009 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza mradi wa kinamasi cha namna hiyo katika gereza la Shimo la Tewa, Mombasa, ambalo maji yake machafu yalikuwa yakiteremkia horini na kuingia Bahari ya Hindi.