Krismasi Ilivyopata Maskani Machakos

Mtu atakaye kujua jinsi sikukuu iliyozaliwa ng'ambo inavyogeuka kuwa ada ya wenyeji hana haja ya kutafuta mfano mbali na Machakos, mji ulio chini ya vilima vya Iveti, ambako Krismasi leo huadhimishwa kwa mbuzi, kwa chapati na kwa safari ya kurudi kwa wazazi, ilhali kabla ya miaka ya mwisho ya karne ya 19 jina lake lilikuwa halijulikani kwa watu wa huko. Hudhaniwa mara nyingi kwamba wamisionari waliileta sikukuu hii ikiwa kamili, na wenyeji wakaipokea ilivyo. Tarikhi yaonyesha vingine. Wamisionari walileta habari ya kuzaliwa kwa Masihi na tarehe ya kuikumbuka; umbo la sikukuu yenyewe lilitengenezwa na Wakamba, wenyeji wa Machakos, kwa mambo waliyokuwa nayo kabla ya kanisa la kwanza kujengwa katika nchi yao.

Wala hilo si la kustaajabisha, maana Krismasi haikupata kuwa na umbo moja duniani. Injili hazitaji siku aliyozaliwa Yesu. Ushahidi wa kale kuliko wote unaojulikana wa kuadhimishwa tarehe 25 Desemba umo katika kalenda ya Roma ya mwaka 354, na Wakristo wa Uhabeshi, majirani zetu wa kaskazini, wangali wanaifanya tarehe 7 Januari kwa hesabu yao wenyewe. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitengeneza hori huko Greccio mwaka 1223, ili watu wasiojua kusoma waone kwa macho yao unyonge wa kuzaliwa kule. Wajerumani walipamba mti nyumbani, na Waingereza wakaipenda desturi hiyo katika zama za Malkia Victoria. Huko Massachusetts ya Marekani, kwa upande mwingine, sheria ya mwaka 1659 iliamuru kila aiadhimishaye Krismasi atozwe faini ya shilingi tano, na sheria hiyo haikufutwa mpaka 1681. Na ni Marekani hiyo hiyo walikotoka baadaye wengi wa wamisionari waliofanya kazi Ukambani.

Katika pwani yetu Krismasi ilitangulia kufika pamoja na Wareno, waliojenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593 na kuweka mjini mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino. Walakini ibada yao haikupanda bara. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jeronimo, aliwageukia, akaitwaa ngome, na Wakristo wengi wakauawa. Na mwaka 1698 Waarabu wa Oman wakawatoa Wareno katika ngome ile baada ya kuizingira kwa muda mrefu. Sikukuu iliyokuja kwa mizinga iliondoka kwa mizinga.

Ukambani ilikofika kwa amani zaidi, Krismasi ilikuta nyumba iliyokwisha kutandikwa. Wakamba wa karne ya 18 na ya 19 walikuwa mahodari wa misafara, wakichukua pembe za ndovu mpaka Rabai na Mombasa na kurudi na nguo, ushanga, chumvi na nyaya za shaba; Kivoi wa Mwendwa, tajiri wa Kitui aliyempokea mmisionari Ludwig Krapf mwaka 1849, alikuwa mmoja wa wakuu wa biashara hiyo. Kwa watu waliozoea kuishi hivyo, kurudi kwa msafiri salama akiwa na mzigo wake lilikuwa jambo la furaha kwa ukoo mzima. Kadhalika kuzaliwa kwa mtoto kulikuwa na karamu yake. John Mbiti, mwanachuoni mzaliwa wa Mulango, ameandika kwamba siku ya tatu mbuzi alichinjwa na wanawake waliokwisha kuzaa walikutana kumpa mtoto jina, na siku ya nne baba alimvika mkufu shingoni, ndipo mtoto alipotoka katika milki ya mizimu na kuhesabiwa kuwa mtu miongoni mwa watu. Wazee waliohubiriwa habari ya mtoto wa Bethlehemu hawakuhitaji kufafanuliwa kwa nini kuzaliwa kufanyiwe karamu. Fauka ya hayo, Desemba huangukia katika nthwa, mvua fupi ambazo mkulima wa Ukambani huzitegemea kuliko zile ndefu za uua, na katika mwaka wa neema sikukuu hukuta mashamba yamejaa kijani.

Waliouleta ujumbe hawakufika kwa wepesi. Krapf alichapisha Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka 1850, lakini hakupata kujenga misheni huku. Mwaka 1893 Stuart Watt, mtu wa Ireland, alipanda kutoka pwani na mkewe Rachel na watoto wao, wakakaa Ngelani, juu ya Machakos, wakapanda miti ya matunda. Desemba 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifika Nzaui, iliyokuwa wakati ule chini ya Machakos na sasa imo Makueni. Krismasi yao ya kwanza iliwakuta wangali wageni kabisa. Ya pili iliwakuta msibani, maana Scott alikuwa amefariki tarehe 4 Desemba 1896. Kisha ikaja njaa kuu ya 1898 na 1899, ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, na watu wengi wakaujua mlango wa misheni kwa kutafuta chakula kabla ya kuujua kwa kutafuta neno. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza kazi Kabaa mnamo 1912, wakaleta misa ya usiku na hori la Fransisko. Waprotestanti, kwa upande wao, waliwakataza waumini pombe na ngoma za kale, na kwa hiyo asomi, yaani wale waliokwisha kujifunza kusoma, iliwapasa kujitungia furaha mpya: nyimbo za kwaya, maigizo ya watoto, na mlo wa pamoja. Agano Jipya lilipotoka kwa Kikamba mwaka 1920, habari za Mariamu na wachungaji zilisomwa kwa lugha ya nyumbani.

Hata hivyo, kilichoitoa Krismasi kanisani na kuiingiza katika kila nyumba, hata nyumba za wasiosali, ni kazi ya mshahara. Kodi ya nyumba iliwalazimisha vijana kwenda kutafuta fedha. Wakawa askari wa jeshi la K.A.R. (King's African Rifles), polisi, wafanyakazi wa reli, vibarua wa mashamba ya walowezi na watumishi wa majumbani mwa Nairobi na Mombasa. Krismasi ilikuwa siku ambayo mwajiri mwenyewe aliiheshimu, na kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa rahisi kuiombea ruhusa. Msafara wa pembe ulikuwa umekwisha, lakini msafiri alikuwa bado anarudi, safari hii na sukari, blanketi na leso ya mama. Hata leo, kituo cha Nairobi wanakopandia watu wa sehemu nyingi za Kenya kwenda mashambani huitwa Machakos, na katika juma la Krismasi nauli hupanda, magunia na magodoro hufungwa juu ya mabasi, na abiria hungoja tangu alfajiri.

Chakula cha siku hiyo kinaeleza tarikhi hiyo hiyo. Muthokoi ni wa asili: mahindi hunyunyiziwa maji kidogo, hutwangwa kinuni hata ganda litoke, hupepetwa, kisha hupikwa na maharagwe au kunde kwa saa nyingi. Chapati ni ya Wahindi waliokuja na reli na maduka; akina mama walijifunza kuipika wakaifanya yao, wakikanda unga wa ngano, wakisukuma, wakipaka mafuta, wakikunja donge kama konokono na kulisukuma tena ili iwe na tabaka. Kwa miaka mingi katika nyumba nyingi ngano ilionjwa siku ile tu. Na mbuzi hakuwa kitoweo cha kawaida: mifugo ilikuwa mahari, akiba na heshima, na mwaka 1938 serikali ilipochukua ng'ombe kwa nguvu ili kupunguza mifugo, Wakamba kwa maelfu walikwenda Nairobi wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu kudai haki yao. Watu walioshika mifugo yao kwa uimara huo, wanapochinja kwa ajili ya wageni, wanatoa kitu cha thamani.

Nchi hii nayo imeilipa dunia. Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza uchongaji wakati wa Vita Kuu ya kwanza, alianzisha kazi ambayo wanawe na majirani zake waliieneza. Na leo mafundi wa Kikamba huchonga sanamu za Mariamu, Yusufu, mamajusi na ng'ombe wa hori, na kuziuza mpaka Ulaya na Marekani. Desturi ya Greccio, iliyowafikia kwa mikono ya mapadri, inarudi ng'ambo ikiwa na sura za watu wa Wamunyu.

Kwa hiyo kijana wa Machakos asiione Krismasi yake kuwa nakala pungufu ya Krismasi ya wengine, wala asidhani kwamba ukubwa wake umo katika nguo mpya na matumizi yanayoacha karo ya Januari bila kulipwa. Waliojenga sikukuu hii walikuwa watu wa mishahara midogo, na walichokithamini ni kufika nyumbani na kugawana walichonacho. Habari zao, aidha, hazijaandikwa kwa kutosha: barua za wamisionari zimehifadhiwa, lakini maneno ya mama aliyepika chapati yake ya kwanza na ya askari aliyerudi kutoka vitani Burma yamo vifuani mwa wazee tu. Siku ambayo ukoo wote umekutana ndiyo siku iliyo bora kuwauliza wazee hao, na kila mwenye kalamu aandike wanayosema, kwa Kikamba au kwa Kiswahili, maadamu wangalipo wa kujibu.